Lüderitz: Msalaba wa Dias, Pengwini wa Halifax na Kisiwa cha Papa

Kwa mtu aliyekulia Malindi, msalaba wa Wareno juu ya mwamba wa bahari si kitu cha kumshangaza. Nguzo ya Vasco da Gama tumeizoea tangu tulipopelekwa na walimu wetu tukiwa na sare za shule, na wengi wetu hatukuwahi kuuliza ni nani aliyetangulia kusimika nguzo za namna hiyo upande wa pili wa bara. Mojawapo ilisimikwa tarehe 25 Julai 1488 na Bartolomeu Dias, alipokuwa njiani kurudi Ureno baada ya kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika, kwenye rasi ya mawe iliyo jirani na mji ambao leo unaitwa Lüderitz, kusini mwa Namibia. Dias huyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa merikebu ambazo Vasco da Gama alisafiri nazo mpaka akafika kwetu mwaka 1498. Nilifunga safari kwa ajili ya msalaba huo, lakini mji wenyewe ukanionyesha mambo mengine yaliyouzidi uzito kwa mbali.

Lüderitz haufikiki kwa bahati. Ni lazima uwe umeukusudia. Kutoka Keetmanshoop ni zaidi ya kilomita 300 za lami, na ukishaupita mji mdogo wa Aus hutaona tena makazi ya watu hadi ufike baharini. Karibu na Garub kuna farasi mwitu, wanaodhaniwa kuwa uzao wa farasi wa jeshi na wa kufugwa waliotawanyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya hapo jangwa la Namib huanza kuivamia barabara, hata inabidi mitambo ipite mara kwa mara kuondoa mchanga. Upepo unaousukuma mchanga huo unatoka kusini, ila mtu wa pwani yetu asidhani kwamba ni kusi anayoijua. Huu hupita juu ya maji ya mkondo wa Benguela, ambao ni baridi mwaka mzima, na wakati wa mchana hupata nguvu ya kumfanya mtu aushike mlango wa gari kwa mikono miwili kabla ya kuufungua. Ubaridi huo huo ndio unaolisha kila kiumbe cha hapo, kwa kuwa upepo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya kina yenye rutuba yakapanda kuchukua nafasi yake.

Penye rasi ya Diaz Point kuna mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, uliojengwa mwaka 1910, na ng'ambo kidogo, juu ya mwamba, umesimama msalaba. Unaoonekana leo ni nakala iliyowekwa mwaka 1988, kwani wa asili ulivunjika zamani na vipande vyake vikahifadhiwa kwenye makumbusho. Mwenzake, ambao Diogo Cão aliusimika mwaka 1486 huko Cape Cross, kaskazini zaidi, ulichukuliwa na Wajerumani mwaka 1893, na mwaka 2019 ndipo jumba la makumbusho la Berlin lilipokubali kuurudisha Namibia. Nilikaa pale kwa muda nikijaribu kuvutiwa, lakini ukweli ni kwamba Dias alipita tu. Hapakuwa na biashara wala maji ya kunywa ya kumfanya akae.

Ukigeuka kutoka msalabani na kufuata ufuo kidogo, unakiona kisiwa cha Halifax, ambacho kimetengana na bara kwa mkono mwembamba wa bahari tu. Hapo wanaishi pengwini wa Kiafrika. Kwa darubini niliwaona wakishuka mmoja mmoja kwenye jabali lililochafuka kinyesi cheupe. Wa mbele alifika ukingoni, akainama kuyatazama maji, akasita, na wote waliomfuata wakasita pia, mpaka wimbi lilipowajia na wakaingia kwa pamoja. Upepo ulipotulia kidogo tuliwasikia wakilia kama punda.

Kinyesi hicho cheupe kina historia yake. Kati ya mwaka 1843 na 1845 mamia ya meli zilikwenda kwenye kisiwa cha Ichaboe, kaskazini mwa Lüderitz, kuchimba guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana kwa karne nyingi, ili kiuzwe Ulaya kama mbolea. Walikikwangua mpaka wakafika kwenye mwamba mtupu. Pengwini walikuwa wakichimba viota vyao ndani ya guano hiyo, na ilipoondolewa wakabaki wakitaga juani, mahali ambapo joto na shakwe huyafikia mayai kwa urahisi. Zaidi ya karne moja baadaye wavuvi wa kibiashara wakawamaliza dagaa ambao ndio waliokuwa chakula chao kikuu. Mwaka 2019 homa ya mafua ya ndege iliua mamia yao papo hapo Halifax, na mwaka 2024 spishi hiyo ikatangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa hiyo anayesimama Diaz Point akafurahia kuwaona, kama nilivyofurahia mimi, ajue kwamba anatazama mabaki.

Wanyama wengine wa hapo wana hali nzuri zaidi, na sababu yake ni almasi. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala, aliyewahi kufanya kazi Kimberley, mji wa machimbo ya almasi huko Afrika Kusini, na hivyo kujua alichokuwa anakitazama, aliokota jiwe mchangani alipokuwa akiifukua njia ya reli, akamkabidhi msimamizi wake, August Stauch. Stauch akatajirika. Lewala hakulipwa chochote kwa ugunduzi huo. Mwezi Septemba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikaufunga ukanda wote wa pwani, kuanzia Mto Orange kuja kaskazini, na kuuita Sperrgebiet, eneo lililopigwa marufuku, na kwa muda wa karne nzima karibu hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo isipokuwa wachimbaji. Uchoyo huo ukawa hifadhi bila kukusudiwa. Fisi wa kahawia wanawinda watoto wa sili kwenye ghuba zilizo kusini mwa mji, na mimea inayopatikana huko peke yake imebaki bila kukanyagwa. Mwaka 2008 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa, ambayo leo inaitwa Tsau //Khaeb.

Kolmanskop, mji wa wachimbaji ulio umbali wa kilomita kama 10 kutoka Lüderitz, ulikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu na ukumbi wa burudani, kisha ukahamwa kabisa ilipofika mwaka 1956. Wapigapicha wanaupenda kupita kiasi. Katika nyumba moja niliyoingia, mchanga ulikuwa umefika kwenye kitasa, na mlango umekwama nusu wazi, hauwezi tena kwenda mbele wala nyuma. Juu ya mchanga huo palikuwa na mstari wa nyayo za mnyama mdogo ulioingia kupitia dirishani na kutokea chumba cha pili.

Jina la mji linatokana na Adolf Lüderitz, mfanyabiashara wa Bremen. Mwaka 1883 wakala wake, Heinrich Vogelsang, aliinunua ghuba, iliyoitwa Angra Pequena enzi hizo, kutoka kwa Josef Frederiks, kiongozi wa Wanama wa Bethanie, jamii ya wenyeji wa kusini mwa Namibia, kwa pauni 100 na bunduki 200, na miezi michache baadaye akanunua ukanda wa pwani wenye upana wa maili 20. Frederiks aliijua maili ya Kiingereza, ambayo ni kilomita 1.6. Mkataba ulipokwisha kutiwa saini, Wajerumani wakadai kwamba maili iliyokusudiwa ilikuwa ile ya kijiografia ya kwao, ambayo ni kilomita 7.4 hivi. Wasomaji wa Tanzania, mliofundishwa habari za Mangungo wa Msovero na mkataba wa Carl Peters wa mwaka 1884, hamhitaji maelezo zaidi. Lüderitz mwenyewe alipotea baharini mwaka 1886.

Nimekiacha kisiwa cha Shark Island, yaani Kisiwa cha Papa, hadi sasa kwa kuwa ndicho kilichonikalia moyoni. Siku hizi kimeunganishwa na bara, na unaweza kufika kwa miguu kutoka mjini. Kati ya mwaka 1905 na 1907 Wajerumani waliwafunga humo Waherero na Wanama, wanaume, wanawake na watoto, katika upepo ule ule niliousimulia, wakiwa na nguo duni na chakula kidogo, huku wakifanyishwa kazi za bandari na reli. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 1,000 na 3,000, akiwemo kiongozi wa Wanama, Cornelius Fredericks. Miaka hiyo ndiyo miaka ya Majimaji kusini mwa Tanganyika, na Lothar von Trotha, jenerali aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwaka 1904, alikuwa amewahi kuongoza majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki katika miaka ya 1890.

Nilipofika, kisiwa kilikuwa uwanja wa watalii wa kupigia mahema. Kuna jiwe la kumkumbuka Cornelius Fredericks, na kuna kumbukumbu ya Adolf Lüderitz pia, na si mbali na hapo watu walikuwa wakichoma nyama. Sikuwalaumu wachomaji, maana palitengenezwa kwa ajili hiyo na walilipia. Ninachohoji ni uamuzi wa kupageuza kuwa mahali pa mapumziko, wakati msalaba wa baharia aliyepita tu umepewa rasi nzima. Sasa kuna mpango wa kupanua bandari ili ihudumie mradi wa haidrojeni ya kijani, yaani nishati ya gesi inayozalishwa kwa umeme wa upepo na jua, na wazao wa Wanama na Waherero wanaupinga kwa kuwa kazi hiyo itagusa maji na ardhi yenye mabaki ya ndugu zao. Tarehe 28 Mei 2025 Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kitaifa ya kumbukumbu ya mauaji hayo ya kimbari.

Kwa atakayetaka kwenda: Kolmanskop inahitaji kibali, na mashua za kupeleka wageni karibu na Halifax huondoka asubuhi na mapema kabla upepo haujaichafua bahari, na njiani pomboo wadogo wa Heaviside mara nyingi huisindikiza mashua. Beba nguo nzito hata ukienda Desemba. Shark Island nashauri uitangulize kabla ya Diaz Point, na usiende peke yako. Tafuta mwenyeji Mnama akutembeze, kwa sababu vibao vilivyopo havitoshi.