Dada, Unamsubiri Nani?

Swali hilo nimeulizwa na walinzi, wahudumu, wauza karanga, na siku moja na mpiga tumba aliyeshuka jukwaani kunywa maji. Mwanamke akikaa peke yake kwenye meza ya dansi Dar es Salaam, watu wanakiona kiti cha pili kabla hawajamwona yeye. Mimi sikuwa namsubiri mtu. Nilikuwa nasubiri vyombo vipigwe.

Nilianza mwaka 2010. Nilikuwa nashika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimepanga chumba Buguruni, na shoga yangu wa kutoka naye alikuwa ameolewa Mwanza. Kwetu tumekulia kwenye redio. Baba alikuwa shabiki wa damu wa bendi ya Sikinde, mjomba wa wapinzani wao Msondo, na wakikutana sikukuu mama ilibidi awatenganishe kwa chai. Nyimbo nilizijua. Ukumbi ndio sikuujua.

Safari ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilifuata bango la ukumbi mmoja ambao siutaji. Bango lilisema saa 3 usiku, nami kwa tabia za ofisini nikafika saa 3 kasoro robo. Nikakuta viti vya plastiki, spika zinalia nyimbo za CD, na wanaume wanne kaunta. Bendi ilipanda karibu saa 5. Kwa muda wote huo shoo nilikuwa mimi. Soda mbili zililetwa mezani sikuziagiza, ya tatu ikaja na mwenyewe. Nikaondoka wimbo wa pili haujafika hata kwenye chemko.

Kwa mliozaliwa juzi: wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanakusimulia kisa taratibu, magitaa yakijibizana chinichini. Halafu solo linabadilika, saxafoni na tarumbeta zinaingia, tumba inakazwa, watu wanaacha bia mezani. Hilo ndilo chemko. Kuondoka kabla yake ni sawa na kununua muwa ukautafuna ganda.

Nilikaa nyumbani karibu miezi miwili. Aliyenirudisha ni baba kwa simu, na wala hakujua ananirudisha. Nilimuuliza zamani mama alikuwa anakaa wapi wakienda dansini. Akajibu kwamba mama alikuwa hakai, alikuwa anacheza. Ila mkoba wake ulikuwa unawekwa kwa wazee waliokuja kusikiliza. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimechagua ukumbi, wakati nilitakiwa kuchagua watu wanaojaa ukumbini.

Miaka ile Jumapili ilikuwa ya Sikinde pale ukumbi wa DDC Kariakoo. (Ratiba ninazozitaja ni za wakati ule. Bendi zinahama, kumbi zinageuka maduka, kwa hiyo uliza kabla hujavaa.) Watu wa pale walikuwa wastaafu, mafundi wenye shati la kunyooshwa kwa pasi ya mkaa, wake waliokuja na waume zao na wengine waliokuja kuhakikisha waume zao wamekuja kweli. Walikuja kwa ajili ya bendi. Mtu aliyetoka Temeke kwa daladala mbili ili asikie gitaa hana muda wa kukusumbua wewe. Ukimwongelesha wakati wa solo atakunyamazisha.

Na ile si bendi ya kupita. Mlimani Park, ndilo jina la bendi yenyewe, ilianzishwa mwaka 1978, jina likitokana na baa iliyokuwa upande wa Chuo Kikuu, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Sikinde ni mtindo, na mtindo wenyewe ulipewa jina la ngoma ya Wazaramo. Wapinzani wao, Msondo, walianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ikabadili: JUWATA, kisha OTTU, hadi jina la mtindo wao, Msondo, likabaki kuwa jina la bendi. Mwimbaji Muhidin Gurumo aliimba pande zote mbili, ndiyo maana baba na mjomba walikuwa hawamalizi ugomvi wao: kila mmoja alidai ni wake. Mimi niliwahi kumkuta kabla hajastaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Msondo nilikuwa nawafuata ukumbi wa TCC Chang'ombe. Hapo nilikuwa na jibu la kiburi kwa wale wenye swali lao. Msondo ni ngoma ndefu ya unyagoni, ngoma ya wanawake. Bendi imechukua jina kwetu, halafu unaniuliza mimi nimekuja na nani?

Mahali pa kukaa nilipagundua kwa bahati. Ukumbi ulikuwa umejaa, nikasukumwa hadi karibu na meza ya fundi mitambo, yule anayecheza na vitufe vya sauti. Kumbe ndipo pazuri kuliko kote. Yeye anarekebisha sauti kwa jinsi anavyoisikia pale alipo. Ukikaa karibu naye unapata beso, waimbaji, saxafoni na tarumbeta kwa kipimo chake. Ukikaa mbele ya spika utasikia solo na kesho utasikia mlio masikioni. Ukikaa kona ya nyuma utasikia beso na maongezi ya watu. Tena fundi mitambo halewi kazini, haondoki mahali pake, na watu wanapita pale kila dakika kumwomba aongeze sauti ya mwimbaji. Hakuna meza ya mwanamke peke yake iliyo na ulinzi mzuri zaidi.

Mtu wa pili wa kumjua ni mhudumu. Nilikuwa namtafuta mwanamke, namlipa kila chupa ikifika, haifunguliwi mpaka naiona, na chenji ya kwanza namwachia mapema badala ya kungoja mwisho. Dada mmoja wa Kitanga aliyekuwa akinihudumia alikuwa na namna yake ya kurudisha soda za watu: "Shemeji, huyu dada ana kisukari." Sina kisukari. Lakini sijawahi kukanusha.

Kutunza kulinisumbua zaidi. Bendi ikikukuna unataka kwenda mbele na noti, na kwenye dansi ni jambo la kawaida. Ila mwanamke aliyekuja peke yake akimtunza mpiga solo, hadithi inamaliza wiki. Mara ya kwanza nilimpa mmoja shilingi elfu mbili kwa moyo safi, akatangaza kwenye maiki kwamba wimbo unaofuata ni zawadi ya yule dada wa gauni la kijani. Ukumbi mzima ukageuka kutafuta kijani. Baada ya hapo nikawa natunza wapiga tumba na dramu, nyuma kabisa, ambao hakuna anayewakumbuka na hawashiki maiki.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kunanikatisha tamaa kuliko swali lolote. Usiku ule wa kwanza bodaboda wa nje alinitajia bei mara mbili, akaongeza njiani. Nikafanya mkataba na kijana wa bajaji wa mtaani kwetu, mtoto wa mama niliyekuwa nanunua kwake mkaa. Ananipeleka, anarudi saa tuliyokubaliana, fedha ya kwenda namlipa, ya kurudi anaipata mlangoni kwangu. Mara nyingi alikuwa anawahi kuja, anaingia kusikiliza, halafu mimi ndiye ninayemtafuta yeye.

Sikubaki kwenye kumbi za wazee tu. Bendi ya vijana, Twanga Pepeta, walikuwa na Jumamosi zao Mango Garden, Kinondoni, na siku hiyo sikwenda peke yangu, naungama. Rapa, wanenguaji, vumbi, watu mabegani mwa watu: raha yake inataka kundi. Lakini Jumapili mchana walikuwa Leaders Club kwenye bonanza, mchana kweupe, nyama choma inafuka, watoto wanakimbizana uwanjani. Mwanamke asiyewahi kabisa kwenda dansini peke yake ningemwanzishia hapo. Jua likizama anaondoka na wenye watoto.

Alliance Française ya Upanga, kituo cha utamaduni cha Kifaransa, niliipenda kwa jambo moja: saa waliyoandika kwenye tangazo ndiyo saa waliyoanza, na hakuna aliyeniuliza chochote. Viti vimepangwa kwa safu. Ila nikasikiliza bendi nzuri mikono imelala mapajani kama niko kwenye kikao cha shule, na nilipotikisa mabega jirani akasogeza kiti chake.

Taarab ni dunia nyingine. Nilipokwenda ukumbi wa Travertine pale Magomeni nikakuta mambo yamepinduliwa: wanawake meza kwa meza, madera, manukato, noti zinapunga hewani, na wanaume wachache waliokuwepo ndio wenye sura ya kuulizwa wanamsubiri nani. Hapo nilijifunza pia kunyamaza. Mpasho ukiimbwa usiinuke kutunza hovyo, maana ukiinuka kwenye beti isiyo yako, kuna mtu kwenye meza ya jirani atajua umemlenga yeye.

Februari moja nilivuka kwenda Unguja kwa tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika tangu mwaka 2004. Boti ni kama saa mbili. Nauli ya boti na chumba vilinigharimu kuliko dansi za miezi mitatu. Jukwaa lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe, kuta za mawe pande zote, anga juu. Kuta zile zinashika sauti ya fidla na ya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, isipotee baharini. Wanawake wa peke yao walikuwa wengi, wengi wageni kutoka ng'ambo, nami nikapotelea humo humo. Jioni jukwaa la Forodhani lilikuwa bure, unasikiliza umesimama na mshikaki mkononi. Kesho yake nilipita Vuga, mitaa ya makao ya kikundi cha taarab cha Culture Musical Club, nikakaa barazani kwa mtu bila hata kujulikana mimi ni nani. Bibi mwenye nyumba aliniletea kahawa, akauliza kwetu wapi. Hakuuliza niko na nani.

Niliporudi Kariakoo, Jumapili iliyofuata mlinzi alinikaribisha kwa ishara ya kichwa tu. Fundi mitambo alikuwa amenishikia kiti kwa kuweka juu yake waya zake. Miezi ikapita, wanawake wengine wakaanza kukaa upande ule: muuguzi wa zamu, mjane wa Keko, wasichana wawili wa chuo waliokuja kwa ajili ya kazi ya darasani wakabaki kwa ajili ya saxafoni. Chemko likianza wote wanainuka mara moja, na kila mmoja ananiangalia mimi, aliyetangulia kufika, mwenye meza.

"Dada, nishikie mara moja."

Kwa hiyo siku hizi machemko mengi nayasikiliza nimekaa, nimekumbatia pochi tano.