Paa linavuja, muuzaji hapunguzi bei: jinsi tulivyoelewana

Nimehamia juzi, masika yanapiga na dari ni kavu, ndiyo maana naandika.

Kabla ya kulipia nyumba hii ya Pasua, Moshi, nilimpandisha fundi darini. Akashuka na kipande cha mbao: kenchi mbili (fremu za mbao zinazobeba paa) zimeoza, mabati ya upande wa jikoni yametobolewa na kutu, na chemba ya choo ina ufa. Nikamwomba mzee anayeuza apunguze milioni 5. Akacheka. Nikamtuma dalali, akarudi na salamu tu. Nikatishia kujitoa, mzee akanitakia safari njema.

Basi nikamwomba fundi aandike kitu kimoja kimoja: mabati mangapi, mbao, misumari, ufundi. Bei nikazichukua mwenyewe dukani. Jumla milioni 2.6! (Ile 5 niliitoa kichwani, nakiri.) Nikaenda asubuhi, shikamoo kwanza, karatasi baadaye, na kile kipande cha mbao. Mzee akakibonyeza kwa kidole gumba, kikamegeka kama mkate. Akanyamaza kidogo.

"Haya mwanangu, paa ni langu. Chemba utajua mwenyewe."

Wakili akaandika kwenye mkataba: milioni 2 za bei ya nyumba nibaki nazo hadi paa likamilike na fundi wangu alikague. Mafundi wa mzee walimaliza kwa siku nne.