Ninavyopita na madafu kati ya malori ya Barabara ya Kilwa

Ukitoka Mbagala Rangi Tatu, kusini mwa Dar es Salaam, ukishaipita Kongowe, barabara inabadilika tabia. Foleni inakatika, madereva waliobanwa tangu mjini wanakanyaga mafuta, na mabasi ya Lindi na Mtwara ndiyo kwanza yanapata nafasi ya kukimbia. Mimi nafuata madafu Vikindu kwa baiskeli. Naenda na tenga tupu, narudi limejaa. Watu wananiuliza kama siogopi. Naogopa sana, ila siku hizi najua cha kuogopa.

Wengi wanadhani hatari ni roli linalokuja nyuma. Roli likiwa peke yake halina ugomvi na mimi: linasogea kulia kidogo, linanipita, basi. Mambo yanaharibika pale lingine linapotokea mbele kwa wakati huohuo. Roli lina upana wa kama mita 2.5, na njia moja ya lami kwa kawaida ni mita 3 hadi 3.5. Toa hapo. Kinachobaki hakizidi mita 1, na mimi na tenga langu tunataka zaidi ya nusu yake kabla hata sijayumba. Watatu hatuenei.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa njiani ni kukadiria watakutana wapi. Nikiona gari kubwa mbele, naangalia kioo. Ndiyo, nina saitimira, ile ya pikipiki. Fundi wa mtaani kwetu aliifunga upande wa kulia wa usukani, akauzungushia kwanza ukanda wa tyubu kuukuu ili kishikio kisiteleze kwenye chuma. Alitaka kuielekeza nione uso wangu, kama bodaboda wa kijiweni, nikamwambia, “Hapana fundi, igeuze nje.” Nikiona ncha ya kiwiko changu pembeni mwa kioo, na kilichobaki chote ni barabara, hapo imekaa sawa. Kwenye lami mbovu inatetemeka, sisomi namba ya gari, lakini najua kama ni bajaji au semitrela, na hicho kinanitosha.

Nikiona watanikutia katikati, natoka mapema, kwa hiari yangu, pale ninapoona udongo uko sawa na lami. Hilo la udongo si dogo. Kuna sehemu ukingo umemegeka na kuacha ngazi ya kiganja kizima. Kushuka pale huku honi iko mgongoni ni kumwaga madafu. Na kurudi juu ni kubaya zaidi: tairi la mbele likisugua ule ukingo kwa ubavu, usukani unakataa, unajikuta umetupwa ndani ya njia ya magari. Mimi nashuka, nainua gurudumu la mbele, nasukuma, napanda tena. Wapita njia wanacheka. Wacheke.

Wakati mwingine wote siendeshi juu ya mstari wa pembeni. Nakaa hatua moja hivi ndani ya lami. Wenzangu tunaofuata nao mzigo tumebishana sana juu ya hili, wao wanasema najipeleka kwa malori. Nionavyo mimi, anayejibana kabisa pembeni anamwambia dereva apite bila kusogea, na akipitwa hivyo hana tena pa kukimbilia, kushoto kwake ni mtaro. Mimi ile hatua moja ni akiba yangu. Roli likikaribia kuliko kawaida, naitumia.

Mjomba wangu aliwahi kunishauri niendeshe kulia, niyaone magari yakija. Anayetazamana na magari ni mwenda kwa miguu, mjomba. Baiskeli ni chombo, na chombo kinapita kushoto. Halafu piga hesabu: mabasi na malori makubwa mwisho wao kisheria ni kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kila sekunde. Mimi natembea kama 15. Likija nyuma yangu linanikaribia kwa 65, likija usoni ni 95. Na daladala linalochomoka barabara ya vumbi linaangalia kule magari yanakotoka, halinitarajii kwa upande ule.

Basi linalopita jingine kutoka mbele ndilo ambalo sijalipatia dawa. Dereva yule ameshaona njia yangu haina gari, na mimi kwake si gari. Akiwasha taa haniombi, ananiarifu. Natoka nje ya lami hata kama udongo ni mbaya.

Upepo nao una adabu zake. Semitrela likikufikia linakusukuma nje kwanza, likimalizika kupita linakuvuta ndani. Mgeni anapambana na msukumo, akili yake yote iko kushoto, ndipo mvuto unamkuta. Nalegeza mikono, sishiki breki, naendelea kupiga pedeli mpaka mkia wa trela upite. Mzigo pia napanga kwa kuufikiria upepo huo: madafu mazito chini kabisa ya tenga, karibu na ekseli, na silundiki juu ya keria mpaka gurudumu la mbele liwe jepesi.

Ile koti ya reflekta sivai, naifunga kwenye tenga. Nikiivaa, tenga linanifunika mgongo wote na anayekuja nyuma haoni kitu. Chini yake nimening'iniza taa nyekundu ya betri, nayo naiwasha hata saa kumi na moja jioni, jua linapompiga dereva machoni.

Mvua ndiyo sijadiliani nayo. Maji yanaficha mashimo, kioo kinajaa matone, na breki za vyuma zikilowa hazishiki rimu. Nikikutwa njiani naegesha kwenye kibanda cha chai pale Kongowe mpaka lami ionekane. Madafu hayaozi kwa saa mbili. Wateja wa mapema nawakosa siku hizo, na wauza maji ya chupa wanafurahi.