Usemi wa Khawla, Usemi wa Kabul

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zetu.

Wiki hii tunakaa na aya ya kwanza ya Suratul Mujadila: “Mwenyezi Mungu amekwisha sikia usemi wa mwanamke anayejadiliana nawe juu ya mumewe, na anamshtakia Mwenyezi Mungu.” Mwanamke huyo ni Khawla bint Tha'laba. Mumewe alimtamkia kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake, na kwa desturi ya Kijahilia neno hilo lilimwacha akining'inia, si mke wala si mtalaka. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akajenga hoja, akarudia tena na tena. Bi Aisha alikuwa pembeni mwa nyumba hiyo hiyo na maneno mengine hayakumfikia. Mola aliyasikia yote.

Agosti 2024 watawala wa Kabul, yaani Taliban wanaoitawala Afghanistan, walitangaza sheria ya vifungu 35 ya kuamrisha mema na kukataza mabaya. Kifungu cha 13 kinaihesabu sauti ya mwanamke anayeimba au kusoma kwa sauti mbele za watu kuwa ni uchi wa kusitiriwa. Na Qur'ani wanayosema wanailinda imeyahifadhi malalamiko ya mwanamke, tunayasoma ndani ya swala!

Sheria hiyo ilikuta mengi yameshafungwa. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana wa sekondari walifika shuleni asubuhi, wakarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Desemba 2022 ikawa zamu ya vyuo vikuu, na Sheikh wa Al-Azhar ya Misri, Ahmed al-Tayeb, akasema waziwazi kwamba katazo hilo linapingana na sharia. Desemba 2024 wakafungiwa hata mafunzo ya ukunga na uuguzi. Wanawake walioandamana Kabul tangu 2021 wakipaza “Nan, kar, azadi”, yaani mkate, kazi, uhuru, walipigwa, wengine wakatiwa ndani.

Anayetaka kuwasaidia aanze kwa kutowadhuru. Picha ya dada wa Kabul isisambazwe kabla yeye mwenyewe hajaruhusu. Kufifisha uso hakutoshi: pazia, dirisha au pete humtambulisha kwa jirani, na sauti pia. Simu hukaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo mwacheni aanze yeye kuandika, na ujumbe uwekwe ujifute. Orodha za majina ni hatari kuliko picha. Shabana Basij-Rasikh, mwanzilishi wa shule ya bweni ya wasichana iitwayo SOLA, alizichoma moto kumbukumbu za wanafunzi wake ili kuwalinda wao na familia zao. Agosti 2021 watu karibu 250 wa shule hiyo, wanafunzi, walimu na jamaa, wakahamia Rwanda, hapa hapa kwetu.

Wenye ujuzi wa Kiingereza, hesabu au sayansi wanaweza kufundisha. Saa nane mchana ya Dar es Salaam ni saa tisa na nusu Kabul. Somo la moja kwa moja huvunjika umeme unapokatika, na video hula bando. Rekodi sauti ya dakika 10 hadi 15, ambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo, maswali yajibiwe kwa maandishi. Ingieni kupitia kundi linaloendeshwa na wanawake wa Afghanistan wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani amechunguzwa na kuaminika. Kundi la wazi huingiliwa na wapelelezi.

Fedha nyingi hupita kwa hawala, yaani mawakala wanaolipana kwa kuaminiana nje ya benki, maana benki mara nyingi hukataa. Kabla ya kutuma, muulizeni dada mnayemtumia nani atakwenda kupokea, kwani mwanamke asiyefuatana na maharimu, ndugu yake wa kiume, anaweza kurudishwa njiani. Kiasi kidogo cha kila mwezi ni salama kuliko furushi moja linalovuta macho ya mtaa. Na tafadhalini, msimdai picha akiwa ameshika noti. Sisi tumezoea picha za namna hiyo katika sadaka zetu. Kule ni ushahidi mkononi mwa anayemtafuta.

Tarehe 8 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kumkamata kiongozi mkuu wa Taliban, Haibatullah Akhundzada, na jaji wake mkuu, Abdul Hakim Haqqani, kwa mateso wanayotendewa wanawake na wasichana. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo ni wanachama wa mahakama hiyo. Barua ya ukurasa mmoja kwa wizara ya mambo ya nje iwe na ombi moja tu: nchi yetu iunge mkono apathaidi ya kijinsia, yaani kuwatenga na kuwakandamiza wanawake kwa mfumo wa sheria, kuingizwa kama kosa katika mkataba wa jinai dhidi ya ubinadamu unaoandaliwa Umoja wa Mataifa.

Kwa walioko uhamishoni, kumbukeni kwamba jamaa zao wamebaki nyuma. Msikiti ukimwalika mmoja wao, mtafutieni mkalimani mwanamke wa Dari au Kipashto, mlipieni nauli, muulizeni majina gani yasitajwe, na msimpe dakika tano za kulia halafu kipaza sauti kikarudi kwa wazee. Inasimuliwa kwamba Umar, akiwa khalifa, alisimamishwa njiani na Khawla aliyekwisha zeeka. Watu wakanung'unika kwa kungojeshwa. Umar akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka bibi yule alipomaliza haja yake.