Taa za bustani: mimi huanza na 2700

Mtu akinipigia simu anataka taa za bustani, huniuliza wati ngapi. Mimi humrudishia swali la Kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Wati ni habari ya umeme utakaoliwa, lumeni ni wingi wa mwanga, lakini kinachoamua kama watu watakaa nje baada ya chakula cha jioni au watakimbilia ndani ni rangi ya mwanga wenyewe. Rangi hiyo imeandikwa ubavuni mwa boksi, kwa maandishi madogo yanayoishia na herufi K, na karibu kila mtu huiruka.

Wanaoisoma nao huchanganyikiwa, kwa sababu namba inapopanda ndipo mwanga unapoonekana baridi, yaani mweupe zaidi. Ukitia chuma motoni kinaanza kuwa chekundu, kikizidi moto kinageuka rangi ya chungwa, kisha manjano, halafu cheupe. Kipimo cha Kelvini kinafuata njia hiyo hiyo. Mshumaa uko karibu na 1900, balbu za zamani za waya zilikuwa kama 2700, taa nyingi za ofisini ni 4000, na 6500 ni mwanga wa mchana wenye mawingu. Sasa nani anataka kunywa chai yake usiku chini ya mchana wa mawingu?

Kwa nje kikomo changu ni 3000. Baraza na sehemu za kukaa huwa nafunga 2700, na kwenye meza yenyewe nikipewa nafasi hushuka hadi 2200.

Si mapenzi tu ya rangi. Taa nyingi nyeupe za LED kiini chake hutoa mwanga wa samawati, kisha unapita kwenye utando wa manjano unaogeuza sehemu yake. Kadiri namba ya Kelvini ilivyo kubwa, ndivyo samawati inayobaki ilivyo nyingi, na samawati ndiyo inayotawanyika zaidi angani, ndiyo inayovuta wadudu zaidi, na ndiyo inayosumbua zaidi usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, AMA, kilishauri taa za barabarani zisizidi 3000. Ikiwa barabara inaweza kutosheka na hiyo, ua wa nyumba una haja gani na 6000?

Lakini boksi halimalizi kazi. Lazima ujaribu usiku, mahali penyewe. Juzi nilikuwa na mama mmoja mwenye nyumba, ukuta wake wa bustani ni wa mawe yasiyochongwa. Nilishika taa mbili zenye nguvu sawa, moja 4000 na nyingine 2700, nikazielekeza ukutani kutoka chini, karibu kabisa na jiwe. Chini ya ile ya 4000 ukuta wote ulikuwa rangi ya jivu. Nilipowasha ya 2700, ikajitokeza michirizi ya rangi ya kutu iliyokuwa imejificha, na kila jiwe likawa na kivuli chake. "Fundi, hapo hapo, usiguse!" Sikugusa.

Tulipofika kwenye mimea nilimbishia, maana sasa alitaka 2200 kila mahali. Majani yake yalikuwa ya kijani chenye rangi ya fedha, na mwanga wa chungwa uliyafanya yaonekane kama yamekauka. Hapo 3000 ndiyo iliyoyarudishia uhai. Kwa maua mekundu angalia pia kipimo cha Ra, kinachosema taa inaonyesha rangi za vitu kwa uhalisi kiasi gani: taa mbili za 2700 zinaweza kutofautiana sana, ile ya Ra 90 ikakuonyesha wekundu kamili na ile ya 80 ikaufifisha.

Kinachoniudhi ni kuchanganya. Taa ya 4000 ikiwa peke yake jicho huizoea, lakini iweke jirani na ya 2700 uone inavyogeuka samawati na kuiharibu mwenzake. Kwa hiyo nikibadilisha kidogo, nabadilisha kwa eneo: mimea huku, viti kule, na giza katikati. Giza nalo ni sehemu ya kazi, ingawa ni vigumu kumshawishi mteja alipie mahali pasipo na taa.

Halafu kuna hoja ya wezi. Wengi wanaamini taa nyeupe kali ndiyo ulinzi. Taa kali isiyo na kizuizi inakupiga machoni, na ng'ambo yake huoni kitu; mwizi akisimama kwenye kivuli chake amestarehe. Mimi hufunga taa ya 3000 inayotazama chini, yenye kitambuzi cha mwendo, na mwangaza wa kiasi. Maana hata 2700 ikizidishwa lumeni inachosha tu.

Taa za sola nyingi huuzwa bila kutaja Kelvini popote. Ukikuta hivyo, omba iwashwe dukani mbele ya ukuta mweupe, ukishindwa iache. Na ukishapata taa unayoipenda, nunua mbili tatu za akiba za aina ile ile siku hiyo hiyo, kwa sababu 2700 ya kiwanda kimoja na 2700 ya kingine si lazima zifanane, na moja ikiungua katikati ya mstari utaijua mbadala wake ukiwa bado getini.