Siku moja shambani Njoro: mahindi meupe na punje za njano

Saa kumi na mbili unusu asubuhi. Umande mzito. Tunachavusha mahindi kwa mkono, kwa hiyo kila hindi changa linavishwa mfuko wa karatasi kabla ya nywele kuchomoza. Unywele hata mmoja ukichungulia, hindi hilo tunaliruka: unywele mmoja ni punje moja, na chavua ya jirani huenda imeshatua.

Saa nne. Kwa baridi ya Njoro, mbelewele (maua dume ya kileleni) hazimwagi chavua mpaka umande ukauke. Tunatikisa mifuko tuliyoifunga jana juu ya mbelewele, tunamimina chavua kwenye nywele za jike, tunarudisha mfuko upesi na kupiga stepla. Chavua iliyolowa hugandamana na kupasuka, haifai. Lebo huandikwa kwa penseli, jike kwanza, kisha dume, kisha tarehe.

Saa nane, kuhesabu. Mahindi ya njano (YY) tuliyachanganya na meupe (yy); Y ni jeni ya njano, y ya nyeupe, na Y huifunika y. Basi kizazi cha kwanza kikatoka njano tupu, kikajichavusha chenyewe. Hindi lililo mezani lina punje 400: njano 307, nyeupe 93. Tulitarajia njano tatu kwa kila nyeupe moja, yaani 300 kwa 100; tumepishana kwa 7, na 7×7 ni 49. 49÷300 ukijumlisha na 49÷100 unapata 0.65. Katika kipimo hiki cha khi-mraba mpaka ni 3.84; chini yake, tofauti huhesabiwa kuwa ya bahati tu. Hesabu hizi zifanyiwe dirishani. Wanga wa punje hupata jeni mbili kwa mama na moja kwa baba, hivyo wenye Y moja hupauka, na chini ya taa utaiita punje hiyo nyeupe.

Saa tisa, mama mmoja analeta hindi jeupe lenye punje saba za njano.

“Mbegu niliyouziwa ni feki?”

“Hapana, mama. Ni chavua ya njano iliyoletwa na upepo. Njano hutawala, inajionyesha msimu huohuo.”

Akizing'oa hizo saba, zilizobaki ni yy, rangi yake ni safi. Anayetaka njano safi ndiye mwenye kibarua. Akitupa zile nyeupe 93, theluthi mbili hivi ya njano zimeficha y. Zikichavushana ovyo, nyeupe zinarudi moja katika kila punje 9; akichambua tena, moja katika kila 16. Njia ya mkato ni kupanda kila punje peke yake, kila mmea uchavushwe kwa chavua yake wenyewe, na hindi lenye nyeupe hata moja liende kwenye githeri lote.

Saa kumi na moja jioni. Nywele zilizochomoza ndani ya mfuko zinakatwa zibaki sentimita mbili, kesho ziote sawasawa kama brashi. Mbelewele nazo zinavishwa mifuko.