Askari hayuko zamu, kafyatua risasi: anza na hesabu

Askari akimpiga risasi anayedaiwa kutaka kumpora, naye hayuko zamu, mara nyingi hana sare, redio wala kamera kifuani. Ushahidi mwingi uko chini, kwenye lami.

Mpelelezi, hesabu risasi kwanza. Magazini (kasha la risasi la bastola) ya 15 na moja ndani ya chemba (sehemu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ni 16. Zikibaki 12, zimetoka 4, basi tafuta maganda 4 ya risasi. Ukipata 3 usikimbilie kusema kadanganya: ganda huviringika hadi mvunguni mwa gari au hunasa kwenye soli ya kiatu cha mhudumu wa ambulensi. Tena wapo wasiojaza magazini hadi juu. Muulize alijaza ngapi kabla hujamtajia hesabu yako! Bastola nyingi hutupa ganda upande wa kulia, lakini ukiilaza mkononi mwelekeo hubadilika, kwa hiyo ganda moja halithibitishi aliposimama.

Mikono ya askari ifunikwe mifuko ya karatasi, si plastiki, maana plastiki huleta jasho. Mabaki ya baruti hupukutika ndani ya saa chache, na akinawa ndiyo basi tena. Nguo zenye damu zikauke kabla ya kufungwa.

Kamera za jirani: linganisha saa ya mashine na saa sahihi, andika tofauti, ndipo unakili. Mashahidi watenganishwe, kila mmoja aulizwe alisikia nini kabla ya mlio wa kwanza. Askari alisema "polisi" au hakusema? Anayeuliza asiwe wa kituo kimoja na askari huyo.